Chuma Kimjibu Verna

Galen Reitz hakuwahi kujenga kitu chepesi maishani mwake. Banda lake la kuku, ndugu walisema, siku kimbunga kikija watu wahamie humo na kuku waende kulala sebuleni. Sanduku lake la barua kule barabarani alilichomelea juu ya bomba la kisima, na majira ya baridi gari la kuzoa theluji lilipoligonga, sanduku lilibaki limesimama na gari ndilo lililopelekwa gereji. Watu wa vilima vile vya Pennsylvania wote hupenda kitu imara, lakini Galen alizidisha. Mkewe alikuwa akisema ukimtuma akutengenezee kijiko, atakuletea koleo.

Mkewe ndiye Verna, na Verna alikuwa na jina lake mwenyewe bondeni. Kila Jumatatu ya kwanza ya Septemba ukoo wote hukutana shambani kwa kaka yake, Lamar. Wanakula mahindi ya kuchemsha, soseji ya paa na pai mpaka mikanda inalegezwa, halafu wanapiga shabaha kwenye karatasi. Mshindi anabeba paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Verna alilibeba mara nyingi hata Lamar akawa anasema, "Nguruwe wa huku wakimwona dada yangu anapita, wanaanza kujipaka chumvi wenyewe."

Mwaka uliopita macho yakamsaliti. Karatasi aliiona, kama shuka jeupe lililoanikwa mbali, ila matundu ya risasi hakuyaona hata kwa darubini. Kila akipiga ilibidi aulize, "Imeingia wapi?" Na watu wazima wakamjibu kwa ile sauti ya kumsifu mtoto aliyechora ng'ombe wa miguu sita: "Vizuri sana, Verna! Vizuri mno!"

Alivumilia risasi chache, akaiweka bunduki chini. Mwaka huu alimwambia kaka yake mapema kwamba hatapiga. Atakaa kwenye meza ya pai afukuze nzi.

Galen aliyasikia hayo akiwa anajimwagia kahawa, na kahawa ikamwagikia mezani. Verna akalinde nzi! Huyu mwanamke, akishika bunduki, mwili wote unatulia kama maziwa yaliyoganda. Galen alimpenda kwa mambo mengi, lakini kwanza alimpenda kwa hilo.

Hapo ndipo alipoamua kutafuta chuma. Karatasi inataka macho, chuma kinacholia kikipigwa kinataka masikio, na masikio ya Verna yalikuwa mazima. Akinong'ona mtu ghalani, yeye anajibu akiwa jikoni.

Bamba lenyewe alilinunua, duara, pana kama sahani ya kuandalia batamzinga, chuma kigumu cha kazi hiyo. Chuma cha ovyo risasi hukichimba mashimo, kisha kikaanza kurudisha vipande kwa mpigaji, kwa hiyo hapo hakufanya ubahili. Ila aliposikia bei ya stendi ya kulishikilia bamba alicheka peke yake mpaka muuzaji akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," alisema Galen. "Nina mbao nyumbani."

Mbao zilikuwa nguzo za mwaloni zilizobaki ghala la baba yake lilipobomolewa. Akazipigilia, akazifunga, akachimbia miguu ardhini mbele ya tuta la udongo mwisho wa malisho. Bamba akalipaka rangi nyeupe, akalibana kwenye nguzo kwa bolti za lori, akakaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Akafurahi kama bwana harusi.

Jioni akambembeleza Verna atoke. Wakavaa miwani na vifunika masikio. Verna akakaa kwenye benchi, akaegemeza bunduki yake ndogo, akatoa pumzi. Akapiga. Akangoja, kisha akapiga tena na tena.

"Nimekosa," alisema.

"Umekosa nini?" Galen alikuwa na darubini, na kwenye rangi nyeupe aliona madoa matatu ya kijivu yamebanana. "Zote tatu zimeingia, mke wangu! Unaweza kuzifunika kwa kikombe!"

"Galen."

"Naapa!"

"Galen, tumelala kitanda kimoja tangu hujaota hicho kitambi. Sauti yako ya kunihurumia naijua. Ndiyo hiyohiyo uliyonisemea siku nilipounguza batamzinga."

"Basi twende ukapapase mwenyewe."

"Mimi sikuja kupapasa chuma kama mtu anayechagua nyanya." Verna akatoa risasi bundukini, akasimama. "Wenzangu wakipiga wanajua palepale walipo. Nikipiga nijue, nikikosa nijue. Hiki chuma chako hakisemi kitu. Acha tu, mzee wangu. Nzi nao wanahitaji mtu."

Akaingia ndani. Galen akabaki na stendi yake. Ng'ombe angeweza kuiegemea, lakini ilikuwa bubu.

Kesho yake alishinda kibarazani anakasirika, na hakujua anamkasirikia nani. Ulipofika wakati wa chakula, Verna akatoka akaigonga ile kengele ya chuma inayoning'inia kwenye nguzo, ya kuwaitia watu kutoka shambani. Akaigonga karibu kabisa na sikio la mumewe, kwa makusudi.

"Nimesikia!" Galen akainuka, akaikamata kwa kiganja inyamaze. Verna akaigonga tena. Kengele ikasema *pu*.

Galen akaiachia. "Gonga."

"Una wazimu?"

"Gonga, tafadhali."

Verna akagonga, ikalia bonde zima. Galen akaishika, mkewe akagonga, ikasema *pu*. Verna akamtazama mumewe kama mtu aliyeambiwa kuku wanazungumza.

"Supu inapoa," alisema Verna.

"Nimekinyonga," alisema Galen. "Nimekinyonga koo kile chuma, maskini!"

Lamar alikuja baadaye kuazima viti vya kukunja, akamkuta shemeji yake anahangaika kufungua bolti zake mwenyewe na kuzitukana.

"Shemeji, hii ni stendi au ulitaka kupitisha treni?"

"Usinichekeshe. Chuma kinatakiwa kining'inie."

"Tia mnyororo."

"Mnyororo ukipigwa risasi, pete inakatika na kuruka. Nataka kitu kinachotobolewa na kuendelea kushika."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wazimamoto wa kujitolea, na nyuma ya kituo chao kulikuwa na rundo la mipira ya maji ya kuzimia moto iliyokataliwa kwenye majaribio, inangoja kutupwa. Mpira ule una kitambaa kigumu ndani. Hata ukitobolewa mara kadhaa haukatiki.

Mpira waliupata bure. Wakakata vipande viwili, wakavifunga kwa bolti nyuma ya bamba, na kwa kuwa vimeshika kwa nyuma, bamba lenyewe likainamisha uso kidogo kuelekea ardhini, kama mtu anayesali. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, risasi ikivunjika vipande viende mchangani.

Stendi ndiyo iliyomtesa Galen. Lamar alimkataza mwaloni. "Mbao nyembamba, hizi za mbili kwa nne ulizotupa kule. Kama fremu ya bembea. Na miguu usiipigilie, iingie tu kwenye vishikio."

"Itayumba!"

"Iyumbe! Si itapigwa hii? Ikivunjika mguu unachomeka mwingine. Wewe unajenga kama vile risasi itaona aibu kuipiga."

Galen akajenga fremu, kitu chepesi cha kwanza maishani mwake, na kila alipoigusa ikayumba naye akaguna.

Jumatatu ya ukoo kukutana, badala ya karatasi walisimamisha fremu na bamba lake mbele ya tuta la Lamar. Verna alikuwa kwenye meza ya pai, mgongo ameupa uwanja, taulo mkononi. Galen hakumwambia kitu. Alikuwa na hofu kwamba akifungua mdomo, ile sauti ya huruma itatoka.

Lamar akaanza, risasi tano. Ya pili ikatoa mlio, *ngaaa*, ukapanda vilimani na kurudi. Taulo la Verna likasimama hewani.

Lamar akamaliza. Kabla hajasema lolote, Verna akasema bila kugeuka, "Moja, Lamar. Nyingine nne umewalisha minyoo."

Watu wakacheka. Lamar akavua kofia. "Mlinda nzi ana maneno! Njoo basi wewe."

Verna akajifuta mikono polepole. Akavua aproni, akampa Galen bila kumtazama, akaenda akakaa kwenye benchi, akashika bunduki. Akatoa pumzi.

*Ngaaa.* Hakuinua kichwa. *Ngaaa.* Ya tatu ikamgonga Galen kifuani kama aliyepigwa ni yeye. Ya nne nayo ikalia. Verna alikuwa anatabasamu, shavu limelala kwenye bunduki.

Ya tano ikasema *tok*.

"Vizuri sana, Verna!" shangazi mmoja akaanza. "Vizuri m..."

"Mguu," alisema Verna. "Hiyo nimepiga mguu wa stendi. Mguu wa kushoto, mkono ulivuta huko."

Galen akainua darubini. Fremu ilikuwa inalala kidogokidogo upande wa kushoto, kama mlevi anayetafuta ukuta.

"Mguu hauna alama," alisema Lamar.

"Sijaomba alama. Nimewaambia nilipopiga." Akaifungua bunduki, akailaza mezani. "Haya, nani anafuata? Na nyie msioona vizuri mseme, niwasomee."

Bunduki zote zilipowekwa chini, Galen akatembea mpaka kwenye tuta na ubao mpya begani. Akachomoa mguu uliopasuka, akachomeka mwingine. Kazi ilikwisha upesi mno hata akaona haya. Akaisukuma kwa kidole, ikayumba. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, kwenye spana.

"Galen!" Verna aliita kutoka kule mbali. "Nasikia unatafuta spana!"

Akaiacha mfukoni, akaondoka haraka mbele ya chuma.