Chini ya Nyaya za Aldrie

Walisema kuna mwanamume wa bonde la pili aliyeuawa na waya ambao hakuugusa. Alikuwa anapita tu na fimbo yake ya kuvulia, anakwenda ziwani kama watu wote, umeme ukamshukia kama mwewe anavyomshukia kifaranga. Jina lake hakuna aliyelijua. Wengine walisema alikuwa karani wa benki, wengine mchungaji wa kanisa. Mimi habari hizo nilizipata katika duka la nyama, mwezi wa pili, kwa Netta aliyekuwa akinifungia shingo ya kondoo ya supu, na tangu siku hiyo hazikunitoka. Nikikanda unga, zipo. Nikifumba macho, zipo.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na mimi nilikuwa na binti mvuvi.

Ishbel alikuwa na miaka ishirini na sita, anafanya kazi kiwanda cha jamu. Majira yote ya baridi alijinyima sigara na sinema ili anunue fimbo mpya ya kaboni, nyeusi, nyepesi kama bua la ngano. Marehemu baba yake alivua kwa fimbo ya mwanzi, nzito, jioni mkono ukimtetemeka hata kijiko kikamshinda. Hii mpya Ishbel aliiunga vipande vyake jikoni kwangu, akaipunga, ncha ikapita juu ya vikombe bila kugusa hata kimoja. Akacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa na meno ya maziwa.

Nikamweleza ya Netta.

"Mama, umeme unakaa ndani ya waya. Hauna miguu."

"Netta anasema unaruka."

"Netta huyohuyo alisema maziwa ya kopo yanaotesha ndevu."

Dod Tulloch alikuwa mezani, anamalizia chai. Dod ndiye mwangalizi wa boti za chama cha wavuvi, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana. Akafuta masharubu. "Effie, mimi napita chini ya zile nyaya za njia ya ziwani tangu siku zilipotundikwa. Umeme wenyewe umeshanichoka."

Wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka, kwa sababu shule niliiacha mapema na sikuwa na hoja ila hofu, na hofu haina pa kushika.

Ziwa Aldrie halijitoshelezi kwa samaki. Kila mwaka, theluji ikishaondoka chini ya kuta, lori huja na trauti kutoka mabwawa ya kufugia, huwamwaga kwa bomba nene, wanamwagika wakimeta kama visu, na Jumamosi inayofuata msimu hufunguliwa. Anayefika wa kwanza kwenye banda la boti huchukua boti ya buluu. Boti zote zinaelea sawa, lakini siku ya kwanza mtu anataka ile, kwa sababu mume wangu na Dod waliwahi kujaza kikapu ndani yake, na hadithi ikizaliwa haizeeki. Basi watu huunga fimbo zao palepale penye magari, wakiwa wamejikinga upepo na vidole vingali na joto. Hupitisha mshipi, hufunga nzi wao wa manyoya, chambo cha kumdanganya trauti, kisha hushika njia na fimbo zimesimama wima kama mikuki, zisinase kwenye vichaka vya miiba. Kukimbia ni aibu. Lakini mwendo ule, ungewaona, ungesema kuna nyumba inaungua.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri mwaka ule. Wanachama walikuwa wameiinua kwa udongo na kokoto, ili wazee wasizame kwenye tope. Kazi ya hisani. Mimi mwenyewe niliwapelekea keki walipokuwa wakipiga sepetu.

Nilifuatana nao siku hiyo. Nilisema nimewapelekea supu. Ishbel alijua nimekwenda kutazama nyaya.

Mvua ya mawe ilikuwa imepita, jua likatoka kali na bila joto. Wanakondoo wakilia. Nyaya zilikuwa mbili, juu ya nguzo za mti, zikivuma kidogo kwa upepo. Dod alitangulia na fimbo yake ya mwanzi iliyosimama. Akapita chini yake, akageuka, akatembea kinyumenyume, akavua kofia.

"Effie! Nitazame vizuri. Nimekufa?"

"Bado unanuka tumbaku," nikamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Ishbel alikuwa nyuma yake. "Mama, wewe shughulika na supu." Lakini aliona uso wangu, na kwa kunihurumia akaishusha fimbo, akaielekeza mbele kama mtu asukumaye toroli. Moyo wangu ukarudi mahali pake. Nakumbuka nilianza hata kufungua kikapu.

Upepo ukachukua ule mshipi mwepesi. Nzi akanasa kwenye kichaka kando ya njia. Ishbel akavuta, nzi akakataa. Ndipo akafanya anachofanya kila mvuvi nzi wake akinasa: akainua fimbo juu kabisa, mara moja, amtikise. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Hapakuwa na mwanga wa kutisha. Palikuwa na mlio mmoja, kama ubao mpana ulioangushwa bapa sakafuni, kisha harufu. Kama fimbo iligusa waya, au umeme uliruka kile kinafasi kidogo, sijui hadi leo. Binti yangu alikuwa chali majanini, nje ya njia, macho wazi, na haoni.

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Dod alinishika koti kwa nyuma hadi kifungo kikakatika. "Ngoja! Fimbo iko wapi? Ione kwanza fimbo!" Ilikuwa imelala mbali na nguzo, imechanika nyuzinyuzi, inafuka moshi. Ndipo akaniachia, akapiga magoti kando yake, akaanza kumbonyeza kifua kwa mikono miwili, kama wanachama walivyofundishwa kwenye ukumbi wa kanisa kwa mwanasesere wa mpira. Siku ile ya mafunzo alirudi akituambia amemposa yule mwanasesere.

"Effie, kaa kichwani pake. Mwite."

Nikamwita. Nilimwita kwa jina lake, na kwa majina ya utotoni ambayo hajawahi kuyasikia mtu mwingine. Dod anabonyeza, na machozi yanamchuruzika kwenye masharubu, anasema naye: "Rudi, mwanangu. Boti ya buluu chukua wewe. Chukua, nimekupa. Rudi."

Alikohoa. Akatapika kwenye sketi yangu, nami sijapata kupewa zawadi kubwa kuliko ile.

Madaktari wa mjini Dundee walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Soli ya kiatu kimoja ilikuwa na tundu, umeme ulipotokea. Mtu wa umeme alikuja kutueleza, kijana mpole, akakaa ukingoni mwa kiti. Alisema kaboni ni ndugu ya makaa, na hupitisha umeme kama waya unavyopitisha. Mwanzi wa Dod, ukiwa mkavu, haupitishi hivyo, ingawa ukilowa usiuamini. Na njia ilikuwa imeinuka, waya haukuinuka nayo. Hakumlaumu mtu. Nilitamani amlaumu mmoja, nipate pa kuelekeza macho.

Dod hakuja hospitali. Ishbel aliporudi nyumbani, mwezi wa sita, tulimwona amesimama nje ya lango na kofia mkononi. Nilikuwa nimemwekea maneno, nimeyanoa kitandani usiku kwa usiku. Nikatoka nayo mdomoni.

"Nilicheka, Effie," akasema.

"Ulimrudisha," nikamwambia.

Hakuingia. Hakuondoka. Tukabaki hivyo, lango katikati yetu, hadi sauti ya Ishbel ikatoka dirishani: "Mzee Dod, umeajiriwa kulinda lango? Njoo unimiminie chai, mie sina mikono!"

Akaingia. Akamimina hadi sahani ikafurika.

Majira ya kuchipua yaliyofuata nilimkataza Ishbel kwenda Aldrie. Nilificha buti zake, nikalia, nikamtaja baba yake. Hakubishana. Siku ya kufungua msimu alikaa dirishani akitazama magari yakipita, na baada ya hapo akawa mtu wa kukaa dirishani. Chakula alikila kama dawa. Kiwandani alikwenda na kurudi, na kicheko chake sikukisikia, nikatambua kwamba nimemwokoa nusu.

Mwaka wa pili nilizitoa buti mwenyewe. Tulipita chini ya nyaya, fimbo nyingine vipandevipande ndani ya mfuko, mfuko mikononi mwangu. Ufukoni, mbali na nguzo ya mwisho, Dod alishika vipande na Ishbel akaviunga kwa vidole vitatu, polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakuna aliyetuharakisha. Kisha akarusha. Mshipi ulijikunjua angani, nzi akatua majini kimya. Watu wakaniambia trauti mzuri sana alipanda kumdaka. Mimi sikumwona. Nilikuwa natazama juu, na juu hapakuwa na kitu ila mawingu.

Wewe mwenye mtoto avuaye, mwepushe na haya:

Kuunga fimbo penye magari. Aiunge ufukoni.

Kupita chini ya waya na fimbo iliyosimama, iwe ya kaboni, iwe ya mwanzi.

Kuinua fimbo ili kunasua nzi. Akate mshipi.

Kurusha mshipi palipo na nyaya juu au nyuma yake.

Kuamini njia kwa sababu ni ya zamani.

Kumshika aliyepigwa kabla ya kuona fimbo iko wapi. Ikiwa bado imegusa waya, kaa mbali, upige kelele, umeme ukatwe kwanza.

Kumkataza asiende. Nimejaribu.