Alichokula Kuika

Saa kumi na mbili asubuhi Lindaura alikuwa ameshafika kwenye geti la msitu, na ufunguo alikuwa nao Daktari Heitor, mtafiti wa wanyama aliyemwajiri kutega na kuandika. Msitu wenyewe kipande tu, umezungukwa na miwa pande zote, na vinyama vilivyobaki humo ndivyo anavyovitega Daktari ajue vinakula nini. Mitego yake ni visanduku vya bati. Jua likipanda, bati hilo ni sufuria juu ya moto. Hata mlevi analijua hilo.

Na leo, ndani ya mtego wa kumi na tisa, Lindaura alikuwa na hakika yumo kuika jike. Juzi alimshika kwa mkono wake: kinyama kama panya, macho makubwa, watoto saba wamening'inia kwenye chuchu. Kiota chake kipo hatua mbili tu kutoka mtegoni. "Daktari, tuusogeze," alimwomba. Daktari alicheka.

Leo Daktari alifika saa tano, bado anatafuna.

"Jua lote hili, Daktari! Nimesimama hapa tangu alfajiri!"

"Bi Lindaura, panya hawana saa. Twende."

Kuika alikuwa hai, anahema, mdomo umelowa damu. Chuchu zote wazi. Kwenye bati palibaki kimkia kimoja na kinyesi.

Daktari alikipekua kinyesi kwa kibanio, akaona vikucha, akapiga mluzi. "Loo! Anakula nyama huyu! Wenzangu wote wameandika matunda na wadudu. Hili jipya kabisa!"

"Jipya gani? Hao ni wanawe! Umemchoma humu mpaka amewala!"

"Andika, mama. Chakula: nyama."

"Siandiki uongo mimi."

"Basi rudi kwenye miwa. Watu wa kuandika wako tele."

Miaka kumi na minane Lindaura alikata miwa, na mgongo wake haujasahau. Akachukua daftari, akaandika.

Daktari akamwachia kuika chini. Hakukimbia. Aligeuka, akaingia tena mtegoni, akawa ananusanusa kila pembe.

"Una mwandiko mzuri, ujue," Daktari alisema, akisoma begani kwake. "Sasa, mmoja hatoshi. Wewe si unavijua viota vyote? Leo jioni tega kwenye viota vyenye watoto. Kesho tuje saa tano hivihivi."