Maziwa ya Butoyi

Paka wa Scholastique alizaa ndani ya kikapu cha maharage, na maharage yenyewe yalikuwa ya kuuza. Scholastique alifoka kwanza, akacheka baadaye, kisha akamwachia paka kikapu chake, maana panya wa pale Mutoyi, katikati ya Burundi, hawana adabu, na mfanyabiashara asiye na paka huwalisha wao kabla ya watoto wake. Alikuwa mwanamke wa Kivu ya Kusini, Kongo, mnene wa mwili na wa sauti, aliyevuka mpaka na vitenge vichache kichwani akavigeuza kuwa duka.

Siku hiyo Kasilda alikuwa dukani akichambua maharage, kibarua chake cha kawaida, na mwanawe Bukuru mgongoni. Akachungulia kikapuni. Vitoto vitatu vilikuwa vimejipanga kwenye tumbo la mama yao vikinyonya kwa pupa. Cha nne kilikuwa kando, nje ya joto, na kwa udogo wake kisingejaza hata kiganja. Kila kilipojikokota kurudi, mama alikisukuma kwa mguu, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango wake.

"Ile haina maisha," Scholastique akasema. "Mama yake mwenyewe ameikatala. Iache, Mama Mapasa, iende tu."

Mama Mapasa maana yake mama wa mapacha. Kasilda alikuwa amejifungua watoto wawili njiti, kabla ya miezi kutimia, hospitalini Gitega, wakaitwa Bukuru na Butoyi, kama mapacha wote wa Burundi wanavyoitwa, mkubwa na mdogo. Butoyi alifariki kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani. Lakini ukishazaa mapacha hakuna anayekuvua cheo hicho, hata ukirudi na mmoja. Kila alipoitwa hivyo Kasilda aliitika, na kila alipoitika moyo ulimchoma.

"Nipe mimi," akasema.

Nyumbani kwake, kwenye kilima kimoja cha Bugendana, ukutani palikuwa na misumari miwili. Kwenye msumari mmoja ilining'inia ingobyi ya Bukuru, mbeleko ya ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa samli. Kwenye wa pili ilining'inia ya Butoyi, mpya, haijawahi kubeba mtu. Imelda, mama mkwe wake, ndiye aliyezishona zote mbili, na ndiye aliyekataza ile ya pili isiguswe. Katika ukoo wao mapacha hawapunjani. Ukimpa mmoja, unampa na mwenzake, na mmoja akifa wazee huja kufanya ibada ya kuwatenganisha, la sivyo aliyekwenda humvuta aliyebaki. Mpaka siku hiyo ifike, cha marehemu ni chake. Hata maziwa. Titi la kulia lilikuwa la Bukuru na la kushoto la Butoyi, na kila asubuhi Kasilda alilikamua la kushoto kwenye kikombe akaenda kumwaga kwenye shina la mgomba.

Ibada haikufanyika. Fredi, mume wa Kasilda, alikuwa mtu wa kanisa, kibarua katika ghala la mchele huko Muyinga, na kwa simu alisema mambo ya wazee yamngoje mpaka aje. Hakuja. Kasilda naye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, akakulia huko. Desturi za kilimani alizisikia kama mtu anayesikia habari za majirani. Maziwa aliyamwaga kumridhisha mama mkwe tu, na kila alipoyamwaga aliona uchungu kuyapoteza.

Basi akafika nyumbani na kile kitoto kifuani. Imelda alikuwa Itaba kwenye msiba wa dada yake, na angekaa huko kwa muda. Kasilda alijua la kufanya, kwa kuwa alipewa mafunzo hospitalini kwa ajili ya watoto wake mwenyewe: kitoto njiti hakilishwi kikiwa cha baridi. Joto kwanza. Akakiweka ngozi kwa ngozi, juu ya moyo, akajifunga kitenge, na kando yake akaweka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Kilipoanza kutapatapa ndipo akatafuta maziwa. Ya ng'ombe yalikiharisha mpaka kikawa kama kitambaa kilicholowa. Scholastique akamletea bomba la sindano lisilo na sindano, akamfundisha kukilisha kikiwa kimelalia tumbo, "sio chali kama mutoto ya watu, maziwa itaingia mu mapafu," na kukipangusa chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili kijisaidie. Yote hayo Kasilda aliyashika. Tatizo likabaki maziwa.

Asubuhi moja alisimama mbele ya mgomba na kikombe mkononi, akayatazama yale maziwa. Ni dhambi gani hii, akajiuliza, kumwagia mgomba kitu ambacho kiumbe hai anakililia? Akarudi ndani. Akayavuta kwenye bomba, akakipa. Na kwa kuwa kitenge kilikuwa kimelowa na kijua hakijatoka, alinyoosha mkono akatungua ile ingobyi ya pili, akakifunga humo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine mkuu hayupo nyumbani.

Kile kitoto kikanenepa. Tumbo likawa duara na manyoya yakalala vizuri, hata Scholastique akatikisa kichwa. Ila mambo madogo yakaanza kutokea, ya kuchekesha mwanzoni. Kitoto kikishiba, Bukuru alilikataa titi, anageuza uso kama mtu aliyetoka karamuni. Kitoto kikishikwa na kwikwi, Bukuru naye. Siku jicho la kushoto la kitoto lilipogandamana kwa tongo, Kasilda alilipangusa kwa maji ya uvuguvugu, akageuka kumtazama mwanawe, akakuta jicho lake la kushoto limegandamana vilevile. Akalipangusa na hilo. Akajiambia ni moshi wa jikoni.

Imelda aliporudi kutoka Itaba hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Aliona msumari mtupu ukutani. Akaona ingobyi kitandani na kichwa cha paka kikichungulia humo. Akaketi chini, pale pale alipokuwa amesimama.

"Umempa la kushoto?" akauliza.

"Mama, yalikuwa yanamwagika bure."

"Nimekuuliza, umempa?"

"Nimempa."

Kasilda alingoja ukali, maana mama mkwe yule alijua kukaripia, na ukali haukuja. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia.

"Basi tuwaite wazee," Kasilda akasema. "Wafanye ile ibada, iishe."

"Ile hutenga wafu na walio hai, mwanangu. Sasa hapa maiti ni nani?" Imelda akainyoosha ile ngozi, akamfunika paka shingo. "Wewe lea. Lea wote wawili, usimpunje hata mmoja. Na usimtoe huyu nje ya nyumba hii."

Fredi alikuja Jumapili bila taarifa, amebeba mchele na sabuni. Kasilda alikuwa bondeni kuchota maji, Imelda yuko shambani, na mtoto amelala. Fredi hakuwa mtu mbaya, hilo lisemwe wazi. Lakini alimkuta paka ndani ya ngozi ya mwanawe aliyemzika, kando ya mwanawe aliye hai, wamelala uso kwa uso na mbavu zao zinapanda na kushuka kwa pamoja. Nywele zikamsimama. Hakumuua paka, dini ilimzuia, na huruma pia. Alimtia kwenye mfuko wa mchele, akatoboa matundu ya hewa, akamwita jirani aketi na mtoto, akarudi Muyinga kwa lori lilelile lililomleta.

Kasilda aliporudi na dumu kichwani alimkuta Bukuru macho wazi, hatazami kitu. Akamgusa mguu. Ulikuwa wa baridi.

"Fredi, umempeleka wapi?" aliuliza kwa simu jioni, jirani alipokwisha kumweleza.

"Kiko salama, mke wangu. Nimekiweka ghalani, kitakamata panya. Nimekiachia maziwa kwenye kisahani."

"Hakijui kulamba, Fredi."

"Kitajifunza."

Kesho yake wakampeleka Bukuru zahanati. Muuguzi alimpima, akampima tena na kipimo kingine akidhani cha kwanza ni kibovu. Homa hakuna, malaria hakuna, kifua kisafi. Ila mtoto alikuwa wa baridi, na hanyonyi. Kasilda akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyofundishwa, akajifunika kila nguo aliyokuwa nayo. Jasho lilimtiririka yeye. Mtoto alibaki wa baridi mikononi mwake, na titi la kulia likavimba kwa maziwa yasiyo na mnyonyaji.

"Mfuate," Imelda akasema. Hakueleza zaidi, wala Kasilda hakuuliza ni nani.

Mafuta yalikuwa adimu wakati huo na magari ya abiria yalikuwa yamesimama Gitega yamejipanga tu. Scholastique ndiye aliyepata pikapu ya kukodi, akasema kwa sauti kubwa kwamba alikuwa anataka kufuata mchele Muyinga hata hivyo. Mtu yeyote angejua anadanganya, duka lake lilikuwa limejaa mchele. Wakapita Karuzi na madirisha yamefungwa, Kasilda akihesabu pumzi za mwanawe badala ya vilima, na kila pumzi ilikuwa inachelewa kuliko iliyotangulia.

Fredi aliwapokea mlangoni mwa ghala. Alianza kusema, akamwona mtoto. Akawaongoza nyuma ya magunia. Kisahani kilikuwa pale na maziwa yameganda utando. Kile kitoto kilikuwa kimelala ubavu juu ya saruji tupu, mdomo wazi, masikio yamelegea. Fredi alikishika mguu. Kisha akaushika mguu wa Bukuru. Akaondoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, akamtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba asiambiwe.

"Kipe maziwa," akasema. "Kipe haraka, Kasilda, nakuomba."

"Kikilishwa na baridi hii kinakufa. Joto kwanza."

Akatoka akaketi kwenye ngazi za ghala, juani. Akafungua kifua, akamweka Bukuru kulia na paka kushoto, akajifunga kitenge. Scholastique alikimbia kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara akarudi na chupa za maji ya moto, akazipanga chini ya kitenge bila neno, yeye asiyejua kunyamaza. Wapakuzi walipita na magunia yao, wakatazama, wakapita. Hakukuwa na kingine cha kufanya isipokuwa kungoja, na kungoja kuna watu kunakowaua. Kasilda aliisikiliza mioyo miwili ikigonga juu ya wake, myepesi na dhaifu, akajaribu kuitofautisha, huu wa kulia, huu wa kushoto. Hakuweza. Ilikuwa inagonga pamoja, na iliposita, ilisita pamoja.

Jua likahamia ngazi ya chini, naye akahama nalo. Ndipo kitu kikatikisika. Bukuru alikunja uso, akafungua mdomo ili alie, na kilio kikatoka upande wa kushoto.

Fredi alirudi nyuma mpaka akagonga mlango. Kasilda hakushtuka. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha, na hakuona aibu. Akamwelekeza Bukuru kwenye titi la kulia. Akakamua la kushoto, akavuta kwenye bomba, akamlaza paka tumbo juu ya goti. Wakameza. Walimeza kwa pamoja, wakapumzika kwa pamoja, na rangi ikarudi kwenye midomo ya mtoto polepole.

"Twende kwa wazee," Fredi akasema, sauti imekauka. "Nilikosea. Wawatenganishe."

"Mama alishasema. Hakuna maiti hapa."

Fredi akaingia ghalani kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani na hakubishana tena.

Wakati wa kurudi Fredi alipanda nyuma na magunia, wanawake wakakaa mbele. Bukuru alikuwa amelala, mashavu ya moto, anakoroma kidogo. Scholastique alikuwa amepata sauti yake tena, akamtazama rafiki yake, akaona bado ana wasiwasi usoni, akataka kumtuliza. Alikuwa na moyo mzuri, yule mama.

"Usiogope, Mama Mapasa. Paka ikisha kupita pale pa utoto, haikufe ovyo. Mi nilikuwa na moja kule Uvira, nikailisha muzuri, nikaitunza sana. Unajua ilifika ngapi? Miaka kumi na ine. Ikazeeka tu, ikalala, ikaenda."

"Asante, dada," Kasilda akasema.

Alimtazama mwanawe. Alimwona wazi, kama aliyesimama barabarani mbele ya gari: mvulana wa miaka kumi na minne mwenye sare ya shule, suruali imeshamfupia, sauti imeanza kukwaruza, anacheka na wenzake. Akamtazama mpaka macho yakamuuma. Kisha akaingiza mkono chini ya kitenge, upande wa kushoto, akamfunika Butoyi vizuri ili upepo usimpate.