Wakala Aliyemsemea Tunu

Ndoto hii haikungoja usiku. Ilimkuta Tunu Kibwana jana alasiri, amejilaza kwenye mkeka sebuleni kwa shangazi yake huko Mbagala, simu kifuani, tumbo limejaa wali na hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa hivi. Tunu alikuwa mwigizaji, au tuseme alikuwa anaanza kuwa. Wakala wake, Bwana Gasper Mwakatobe, mtu mpole wa miwani, alimwona akiigiza kwenye mahafali ya chuo, akamchukua, akampiga picha nzuri, akamtafutia tangazo la matangi ya maji ambamo Tunu alipita nyuma ya tangi akaonekana kisogo. Baada ya hapo, kimya. Kilichobaki ni masharti: usiende kwenye usaili bila mimi, usinipigie, nitakupigia, anayetaka kusema nawe aseme nami. Na kila alipomaliza kuyataja aliongeza, kama mtu anayefunga dua, kwamba subira huvuta heri.

Jana hiyo kulikuwa na usaili wa tamthilia mpya kule Kinondoni, mlango kufungwa saa kumi na moja jioni. Rafiki yake Adela ndiye aliyemtonya. Tangu asubuhi Tunu alikuwa amemwandikia Bwana Gasper ujumbe wa kuomba ruhusa. Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa.

"Mwache huyo mtu," shangazi yake, Bi Semeni, alimwambia walipokuwa wanakula.

"Ndiye aliyenishika mkono, shangazi. Nikimwacha, nani atanijua?"

"Kwani sasa unajulikana na nani?"

Tunu alinawa mikono. Alijilaza ili aingoje simu vizuri zaidi, na usingizi ukamchukua.

Simu ikakohoa.

"Dada Tunu," ikasema, "naomba unitoe hapa kifuani. Moyo wako unapiga, na mimi nimekatazwa kupigiwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Bwana Gasper. Kasema atapiga yeye."

"Lini?"

Simu ikatazama pembeni, kadiri simu inavyoweza kutazama pembeni. "Mimi ni simu tu, dada. Kamuulize mwenyewe ofisini."

Tunu aliona hilo ni shauri zuri. Akafungua mlango wa chumba cha shangazi yake, akaingia kwenye ofisi ya Bwana Gasper, ambayo siku hiyo ilikuwa ndani ya friji. Hakushangaa. Kilichomsumbua ni kwamba alikuwa amechelewa, na hakujua amechelewa wapi.

Kuna baridi. Kuna taa moja ya manjano. Kwenye rafu wamekaa waigizaji, kila mmoja kwenye sahani yake, wamefunikwa mpaka mabegani. Kati ya bakuli la maharage na nusu ya nyanya kuna sahani tupu. Tunu anapanda, anakaa. Inamtosha kabisa, na hilo linamtisha kuliko baridi.

"Karibu," anasema jirani yake, mzee wa ndevu nyeupe aliyevaa suti ya bwana harusi, ua kifuani. "Mimi ni Kilasi. Wewe umewekwa kiporo tangu lini?"

"Sijawekwa kiporo, mzee. Nangoja kupangiwa kazi."

"Ee," anasema Mzee Kilasi kwa upole. "Sote ndivyo tulivyokuwa tunaiita mwanzoni."

"Na wewe unangoja nafasi gani?"

"Bwana harusi." Anajipangusa barafu begani. "Nilipoingia nilikuwa kijana. Bwana Gasper alisema nafasi iko njiani. Sasa hivi ningefaa kuwa babu wa bwana harusi, ila nguo za babu sina."

"Mbona hutoki?"

"Nikitoka nitachacha." Mzee Kilasi anatazama huku na huku, anashusha sauti. "Ukweli ni kwamba hata humu tunachacha. Ila taratibu."

Tunu ananusa mkono wa gauni lake. Kuna kitu. Si kikubwa. Ni ile harufu ya wali ambao mtu huunusa mara mbili kabla ya kuupasha moto.

Akaruka chini, akausukuma mlango kwa bega kwa nguvu zake zote, nusura aanguke kifudifudi. Haukuwa umefungwa. Ulikuwa umeegeshwa tu.

"Mzee Kilasi! Mlango uko wazi!"

"Basi urudishie, mwanangu," Mzee Kilasi akajibu. "Baridi inatoka."

Nje hapakuwa Mbagala. Palikuwa na uwanja mpana wa saruji, na katikati yake mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mpagazi, akivuta kamba. Alivuta, akapumua, akavuta tena. Kamba haikusogea.

"Shikamoo," Tunu akasema.

"Marahaba. Mimi Subira. Navuta heri."

"Heri iko upande wa pili?"

"Inasemekana."

"Hujawahi kuiona?"

"Nikigeuka kuitazama nitaacha kuvuta." Viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyote viwili. "Aliyenipa kamba alisema inakaribia. Yule bwana mpole, wa miwani."

Tunu alimjua huyo bwana wa miwani. "Ngoja nikaangalie imekwama wapi," akasema.

"Usikawie," Subira akamwambia bila kugeuka. "Na mimi nina mikono ya nyama."

Tunu akaifuata kamba. Ikampitisha chuoni kwake, katikati ya darasa, ambamo wanafunzi waliinua miguu apite. Ikampitisha nyuma ya tangi la maji, naye bila kufikiri akageuza kisogo. Kila alipopita watu walimwambia, "Harakisha," na kila alipouliza kwa nini, waliendelea na kazi zao. Mwisho kamba ikaingia kwenye ukumbi wa Kinondoni.

Mbele ya ukumbi wamekaa majaji. Ni viti vitatu vya plastiki, havina watu. Kando yao, kwenye kiti cha nne, Bwana Gasper anakunywa chai. Kamba imefungwa kwenye mguu wa kiti chake. Kumbe ndicho anachokivuta Subira: kiti, na Bwana Gasper juu yake, amekanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili ili asisogee.

Tunu anafungua mdomo amsalimie. Hakuna kinachotoka.

"Leteni na chapati," inasema sauti yake. Inatoka kinywani mwa Bwana Gasper.

"Msailiwa Tunu Kibwana," kinaita kiti cha katikati. "Tunaomba uigize."

"Yuko njiani," anajibu Bwana Gasper kwa sauti ya Tunu. "Muwe na subira."

"Yuko hapa mbele yetu."

"Hajawa tayari."

Tunu anajishika koo. Bwana Gasper anamwona, anaweka kikombe chini. "Usinitazame hivyo, mwanangu. Si tulikubaliana nitasema kwa niaba yako? Sasa ningesema kwa nini, kama si kwa sauti yako?"

Miezi yote hiyo Tunu aliamini kwamba mahali fulani sauti hiyo inamwombea kazi kwa waongozaji. Sasa anaisikia ikiagiza chapati. Imechakaa kidogo, kama kanga yako unapomkuta nayo mtu mwingine msibani. Na kama msibani, aibu inamshika yeye mwenye kanga.

Ananyoosha kiganja: nipe.

"Ukiichukua, mimi nitasemaje?" anauliza Bwana Gasper, na miwani yake inaingia ukungu. "Yangu sinayo. Na mimi nilikuwa mwigizaji, ulijua? Nilikuwa na wakala wangu, naye akasema..." Hamalizi.

Tunu anamhurumia. Anamhurumia kwelikweli, na kiganja kinaanza kurudi chenyewe. Ndipo anaposikia mkwaruzo. Viti vya majaji vimeanza kupandana. Cha kushoto kimeshamkalia mwenzake wa katikati, na cha kulia kinatafuta pa kupandia.

"Muda unakwisha," kinasema kiti cha chini, kwa taabu.

Tunu anazunguka nyuma ya Bwana Gasper. Anampiga mgongoni mara moja, wala si kwa hasira, kama mama anavyompiga mtoto aliyepaliwa na ugali. Bwana Gasper anakohoa. Sauti inachomoka. Tunu anaidaka kwa mdomo, anaimeza, na anatamka neno la kwanza linalomjia.

"Hodi!"

"Karibu!" Bi Semeni akaitikia kutoka uani. "Nani huyo?"

Tunu alikuwa amekaa wima kwenye mkeka. Simu ilikuwa imeanguka sakafuni, kimya vilevile. Jua lilikuwa bado juu ya bati la jirani.

"Ni mimi, shangazi."

"Unabisha hodi ndani ya nyumba uliyomo?"

"Nilikuwa natoka."

Akaokota simu. Sharti lilisema asipige, naye hakuwahi kulivunja hata mara moja. Akapiga. Iliita sana. Akapokea mwanamke.

"Haloo? Mimi mke wake."

"Shikamoo mama. Naitwa Tunu Kibwana. Naomba umwambie Bwana Gasper namshukuru kwa mkono alionishika. Ila kuanzia leo nitajisimamia mwenyewe. Sasa hivi naelekea kwenye usaili." Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akangoja kugombezwa.

"Marahaba, mwanangu. Nitamwambia, ingawa kukujibu hataweza. Alikuwa ameketi hapa anakunywa chai, akakohoa mara moja tu, sauti ikakatika. Anaonyesha mgongoni, ati kuna mtu kampiga. Na humu ndani tuko wawili tu, mimi nilikuwa jikoni!"

Tunu alilamba midomo. Mdomoni alisikia ladha ya chai, na chai hakuinywa tangu asubuhi.

"Ngoja," yule mama akaendelea. "Nimemtajia jina lako, kainuka. Anaonyesha koo lake. Sasa anaonyesha simu. Koo, simu, koo, simu. Mwenzangu unamwelewa?"

"Namwelewa, mama," Tunu akasema, huku akitafuta kiatu cha pili kwa mguu. "Mpe pole sana. Mwambie sitaweza kuirudisha, naihitaji mwenyewe."