Kidonge cha Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi wa nguo asiyejua kukaa kimya. Kila alipochoka kupita kiasi, vilengelenge vya homa vilimtoka pembeni mwa mdomo, naye alivipaka mafuta akaendelea kushona. Hakuvijali. Kilichomuumiza ni dada yake mkubwa, aliyemlea kama mwanawe, ambaye sasa alikaa chumba cha nyuma akimwita "yule mama wa cherehani," maana jina la mdogo wake lilikuwa limeshamtoka kichwani.

Siku moja muuguzi wa kliniki aliviona vile vilengelenge. Akamwambia kuna wataalamu wanaoshuku kwamba kirusi kinachovileta huenda kinachangia ugonjwa wa kusahau uzeeni.

"Haijathibitishwa, mama. Watu wengi wanacho na akili zao ziko timamu. Ila wanatafuta wa kujaribu dawa yake, waone kama inakinga."

"Niandike."

Mwanawe, dereva wa lori, alikuja juu. "Mama! Unataka kugeuzwa panya wa maabara?"

"Panya haulizwi. Mimi nimeulizwa, nikaelezwa, nikakubali. Kanawe mikono, chakula kinapoa."

Miaka ikapita. Akameza kidonge kila asubuhi, akatolewa damu, akatajiwa maneno ayakariri ili wapime kumbukumbu yake. Siku za kliniki alivaa gauni lake zuri kuliko yote. Majirani wakimuuliza kulikoni, aliwajibu, "Nakwenda kazini."

Siku ya majibu, mwanawe alimsindikiza. Daktari hakupindisha maneno.

"Dawa haikusaidia. Waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa, hatukuona tofauti. Na wewe, mama, ulikuwa kwenye kundi la kidonge kitupu."

Dereva aliruka kitini. "Yaani miaka yote hiyo mama yangu anameza unga?"

Moyo ulimshuka Mama Pindo. Alikuwa ametamani sana kurudi nyumbani na habari njema, hata kama dada yake asingeielewa. Kisha akanyoosha mgongo.

"Daktari, bila sisi wa unga, mngejuaje kwamba dawa ile haifanyi kitu?"

"Tusingejua. Tungewamezesha watu bure bilashi."

"Basi nimefanya kazi. Mkianza jaribio jingine, niiteni."

Daktari alisimama, akampa mkono kwa mikono yote miwili. Dereva aliona, naye akasimama.

Wiki ile Mama Pindo alipita kwenye yadi ya malori kumpelekea mwanawe shati. Kabla hajafika getini, alimsikia akipaza sauti kwa wenzake: "Njooni mumwone mama yangu! Mtafiti huyo anakuja!"

"Mtafiti wapi? Mimi ndiye niliyetafitiwa," alisema, akiangua kicheko.

Lakini hakuwa na haraka ya kuondoka. Alisimama pale katikati ya matairi na harufu ya dizeli, kidevu juu, akangoja madereva wote wapange foleni wamsalimie mmoja mmoja.