Dakika Kumi na Moja za Lifti

Mama Redio, jirani wa mlango wa pili, alimwapia msichana mmoja kwamba ameiona kwa macho yake teksi ya angani ikitua juu ya paa la jengo refu, akashuka bwana mmoja na tai yake, viatu havina hata vumbi.

"Na kituo chetu cha basi kinang'olewa, magari ya hao wakubwa yapate pa kuegeshwa! Mama yako na goti lile atafikaje kliniki? Kituo kingine kiko ng'ambo ya daraja!"

Msichana alicheka. Yeye ndiye mwendesha lifti wa jengo hilo, na paani hapakuwa na kitu ila matangi ya maji na njiwa. Lakini ya kituo hayakumchekesha. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja.

Asubuhi alipofika kazini, akamwachia mlinzi lifti kidogo, akaenda kwa mhandisi wa ghorofa ya saba, anayelipangia jiji usafiri. Kumbe teksi zilikuwepo, ila ndani ya kompyuta. Jiji zima lilichorwa humo. Teksi zilikuwa nukta za manjano zikiruka kama kumbikumbi, na barabara nyekundu kwa foleni ziligeuka kijani. Mbele ya jengo, kituo hakipo.

"Najaribisha tu, dada," mhandisi alisema, meno yote nje. "Ripoti naipeleka mchana. Kutoka hapa hadi uwanja wa ndege, dakika nane!"

"Kuanzia wapi, kaka?"

"Paani."

"Na abiria paani kafikaje? Kaota kama uyoga?"

"Kwa lifti yako, basi!"

"Lifti yangu unaijua ikiwa tupu. Unaingia alfajiri, unatoka wenzio wameshakwenda makwao. Hii saa mbili kasoro. Twende chini."

Chini, foleni ilikuwa imezunguka ukumbi hadi mlango wa nje. Alimpanga mhandisi mkiani kama mtu mwingine yeyote. Mhandisi akamkonyeza ampitishe kando.

"Foleni haina shemeji," alimjibu, watu wakaangua kicheko.

Lifti ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Zamu ya mhandisi ilipofika, kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Dakika kumi na moja," alisema bila kuulizwa, jicho kwenye saa ya mkononi.

Walirudi juu, mhandisi akaziingiza dakika zile kwenye kompyuta. Nukta za manjano zikaruka vilevile, lakini chini ya jengo magari ya abiria wanaosubiri lifti yakabanana, na wekundu ukatambaa mtaa mzima, ukapita pale kituo kilipokuwa. Mhandisi akajishika kiuno. Msichana hakushtuka, miaka minne ya kubonyeza vitufe ilikuwa imeshamwambia hayo.

"Sasa kirudishe kituo mahali pake, kaka," alisema taratibu. "Na mama yangu mtie humo. Goti moja bovu. Hatua ishirini, anapumzika. Halafu ndiyo upeleke ripoti."

Mhandisi alishika kipanya. Mshale ukasimama juu ya ile nafasi tupu ya kituo mbele ya jengo. Msichana akakunja mikono, akangoja.