Upepo Haukurudi Njia Yake

Mitambo ya kufyonza hewa ya ukaa ilifanya kazi yake. Joto la dunia likashuka, na watu waliokuwa wamehamishwa kutoka bondeni kwa sababu ya dhoruba za majira ya baridi wakaanza kufungasha virago warudi kwao.

Mtafiti wa pepo hakufurahi. Hesabu zake zilionyesha kwamba hewa imesafika kweli, lakini bahari bado imekumbatia joto lake, na ule upepo mkubwa wa majira ya baridi haujarudi njia yake ya zamani. Dhoruba zingeendelea kulipiga bonde lilelile kwa miaka mingi.

Mkuu wake alisoma, akavua miwani. "Dada, watu wamechoka na habari mbaya. Hii tuiweke kando kwanza."

Akaiweka. Kisha akabandika picha ya mtafiti kwenye matangazo ya mji mzima: *Bonde ni Salama*.

Mtafiti akampigia kaka yake, fundi paa.

"Kaka, usirudi. Yale maneno si yangu."

"Na ule uso?"

"Uso ni wangu, ila…"

"Wewe ndiye uliyetuhamisha. Leo hewa safi, bado hutaki. Nikae kambini na watoto mpaka waote mvi? Niache nikafie kwangu." Akacheka, akakata simu.

Alirudi na familia yake. Aliezeka nyumba kwa mikono yake, akipiga misumari miwili pale wenzake wanapopiga mmoja. Majira ya baridi yalipofika, dhoruba ikaling'oa paa zima. Watoto walitolewa wazima. Yeye boriti ilimlalia kifuani.

Msibani, mama yao hakumpa mtafiti mkono.

"Ulijua?"

"Nilimwambia, mama."

"Kwa simu! Ndugu yako wa tumbo moja, unamwambia kwa simu. Ungekuja ukalala mlangoni pake akuruke."

Wifi yake akamwekea mtafiti kiti nje, peke yake, uani penye matope.

Aliporudi kazini, mkuu alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Pole sana. Ule utafiti bado unao? Sasa watu watatusikiliza." Akasogeza sukari. "Na habari ya kaka yako tuitangulize. Inagusa."

Mtafiti akampa vyote, utafiti na kaka yake. Bondeni bado kulikuwa na watu.